Leo Mwezi Ngapi?

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa Lamu, na miezi ya kaskazi alikuwa haonekani nyumbani. "Baba yenu yuko dago," Mama akitwambia, nasi tukajua yuko upande wa Kiwayu au Kiunga pamoja na mdogo wake na mabaharia wengine, wanalala mchangani chini ya tanga, wanavua na kukausha samaki, na watarudi siku watakayorudi. Kwetu sisi watoto, dago lilikuwa jina la mahali Baba alipo wakati hayupo. Tuko wanane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda naye.

Kwa hiyo mpwa wangu anayefanya kazi Nairobi alipoandika kwenye kundi letu la WhatsApp, Oktoba 2023, kwamba likizo ya Desemba twende sote tukapige kambi, mimi sikulikumbuka dago kabisa. Nilifikiria mahema ya wageni wanaokuja kutazama wanyama. Dada yangu mkubwa aliuliza sote tukisoma: "Tuna nyumba Langoni, ina paa na vitanda. Tukalale nje kwani tumefukuzwa?" Siku mbili nzima kundi lilikuwa kimya. Kisha Mama, ambaye huwa haandiki, alituma sauti yake: "Nendeni. Na mimi naenda."

Baba alikuwa amefariki mwezi wa Machi mwaka ule. Tangu arobaini hatujawahi kukaa sote pamoja, maana mmoja yuko Mombasa, mmoja Malindi, wawili Nairobi, waliobaki Lamu. Mama aliposema anakwenda, hapakuwa na wa kubaki. Tulijihesabu: Mama mwenyewe, miaka 71, Ami, mdogo wake Baba, aliyevua miaka 40 na sasa goti limemkalisha barazani, sisi ndugu wanane, wakwe sita, wajukuu 13, mdogo wao ana miezi minane. Watu 29.

Mahali alipachagua Mama. Asili yake ni Shela, kijiji cha Kisiwa cha Lamu, na watu wa Shela wana deni la heshima na magofu ya Takwa, kule Kisiwa cha Manda, kwa sababu inasemekana wazee wao walihamia Shela kutoka huko. Mara mbili kwa mwaka huenda kuzuru na kuomba mvua. Mama alikwenda akiwa mtoto, hakuwahi kurudi. Tukaomba ruhusa kwa wanaohusika na magofu, maana ile ni sehemu ya makumbusho na si pwani tu ya kujilalia, tukapewa nafasi nje ya ukuta wa mji, chini ya mibuyu. Usiku mbili, kutoka Jumanne tarehe 26 mpaka Alhamisi tarehe 28.

Kaka yetu mkubwa ni mhasibu. Alipanga safari ile kwa moyo wake wote, na mpaka leo ninalo lile jedwali lake. Nani analeta mchele kilo ngapi, nani nazi, nani makaa, nani dawa za watoto. Kuondoka gati saa saba mchana. Kufika saa nane. Kurudi Alhamisi saa nne asubuhi baada ya chai. Kila kitu kina saa yake.

Usiku wa kuamkia safari tulikuwa barazani, Kaka anatusomea jedwali. Ami amekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa. Aliposikia saa ya kurudi, akauliza, "Leo mwezi ngapi?"

"Ishirini na tano, Ami. Kesho ishirini na sita."

"Siulizi huo. Nauliza mwezi."

Kaka akatazama simu yake. Kabla hajajibu, ndani wakaita kwamba chakula tayari, watoto wakakimbia, baraza ikavunjika. Ami akamaliza kahawa yake. Hakuuliza tena, na sisi hatukumrudia. Nimelifikiria swali lile mara nyingi kuliko jambo jingine lolote la safari ile. Mtu aliyeishi baharini miaka 40 ametuuliza jambo moja tu, nasi tukainuka kwenda kula.

Mwezi wa kuandama ulikuwa kumi na mbili. Kesho yake ungekuwa kumi na tatu, yaani bamvua, siku za maji makubwa, linaingia. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, na hupwa yapata saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kila siku hujisogeza mbele kidogo, mpaka mwezi ukifika robo yanakuwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, na saa zimegeuka kabisa. Watoto wa mvuvi tulikuwa tumeyasikia haya tangu utoto, ila tulikuwa tumeyasahau, kwa kuwa hakuna kati yetu ambaye kazi yake inamwambia aende na maji.

Na Takwa haiendeki bila maji kujaa. Iko mwisho wa mkono wa bahari unaoingia ndani ya Manda, katikati ya mikoko, na maji yakipwa ule mkono hugeuka tope.

Jumanne saa saba tulikuwa hatujafunga hata mzigo mmoja. Dada yangu wa Malindi basi lilimchelewesha, akavuka kutoka Mokowe saa tisa. Punda wawili tuliokodi kushusha mizigo gatini walienda mara nne. Mtoto mmoja akakumbuka viatu. Ulipofika wakati wa kung'oa nanga ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo, maji yameshajaa yameanza kugeuka. Nahodha aliangalia mkondo, akamwangalia Kaka, akasema tukienda mbio tutafika. Kijana mwenye heshima, na Kaka ndiye aliyemlipa. Ami alikuwa ameshapanda, ameketi tezini, nyuma ya chombo, anatazama nguzo ya gati pale palipoloa maji na sasa pameanza kukauka. Niliona anachotazama, ila sikujua kukisoma.

Tulivuka mlango wa Lamu vizuri, watoto wanaimba. Tukaingia kwenye mikoko. Hapo injini ikapunguzwa, baharia akasimama omo, mbele ya chombo, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, anapima kina. Nilikuwa nimempakata mdogo wetu wa miezi minane, nasikia upondo unavyoingia majini: mwanzo unazama mpaka mkononi mwake, kisha nusu, kisha robo. Halafu mashua ikanyanyuka kidogo chini yetu, taratibu kabisa, kama mtu anayeketi. Ikanyamaza.

"Tumepwelewa," akasema Ami. Hakulisema kwa lawama.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Wanaume walishuka kusukuma, tope likawafika mapajani, mashua haikusogea hata shubiri. Ilibaki kama mita 400 kufika pwani. Kwa hesabu ya nahodha, mashua isingeelea tena mpaka saa nane usiku, maji yatakaporudi.

Hapo ndipo Kaka alipomgeukia Ami na kumwuliza, mbele ya wote, "Ami, tufanyeje?" Najua lilivyomgharimu swali lile, na nampenda zaidi kwa kuliuliza.

Ami akauliza nani hawezi kungoja. Mama, watoto, kina mama wao. Tulikuwa tunakokota hori, mtumbwi mdogo, nyuma ya mashua, na hori linahitaji maji kidogo sana. Akasema lipakie watu watano watano, baharia alisukume kwa upondo, lisirudi mikono mitupu. Mzigo ubaki, ila dumu moja la maji, kikapu cha mahamri, chupa mbili za chai, mikeka, na tanga. Nahodha akalifungua tanga kwenye foromali, mti unaolibeba, bila neno, wakalikunja, wakalitia horini. Wanaume wabaki na mashua, wasiiache peke yake, na ikielea waje.

Safari ya nne hori lenyewe lilikuwa linakwaruza tope. Mimi nilikuwa katika hiyo. Nyuma yangu taa ya mashua inazidi kuwa ndogo, na pande zote mbili mizizi ya mikoko inatoka majini moja baada ya nyingine, na tope lililoachwa wazi likawa linalia, vijisauti vidogo vidogo visivyohesabika, kama mafuta ya karai yanayochemka mbali. Mtoto wa dada yangu akauliza nani anaongea. Hakuna aliyemjibu, maana hata sisi watu wazima wa Lamu tulikuwa hatujawahi kukaa kimya mahali pale, saa ile, tukasikiliza.

Basi usiku wetu wa kwanza wa kambi ulikuwa hivyo. Mahema matatu mazuri ya mpwa wangu yako chini ya magunia ya mkaa, mita 400 ndani ya tope, pamoja na wali, samaki, magodoro na vyandarua. Pwani kuna wanawake, watoto, na mzee mmoja mwenye goti bovu na tanga.

Ami alichota mchanga mkavu, akauachia kutoka usawa wa kifua, akatazama unapopeperukia. Kisha akafunga kamba kutoka tawi la mbuyu mmoja mpaka mwingine, chini, usawa wa kiuno changu. Akatuelekeza kulitupia tanga juu yake. Upande unaotoka upepo wa kaskazi akalishusha mpaka chini na kulikandamiza kwa mawe, upande wa pili akaliacha wazi. Mkono wake ulikuwa haufikiri. Kila fundo alilifunga mara moja. Alipomaliza, watu zaidi ya 20 walikuwa na mahali pa kuegesha kichwa, na upepo unapita juu yetu. Mwaka ule mvua za vuli zilizidi, na mbu nao walizidi. Akachukua makumbi ya nazi, akayawasha upande wa upepo, akayazima moto yakabaki moshi. Macho yaliwasha kidogo. Watoto walilala bila kujikuna.

Mwezi ulikuwa umetoka mkubwa, mweupe, ukuta wa magofu unaonekana jiwe kwa jiwe. Tulikula mahamri kwa chai, nusu nusu. Dada yangu mkubwa, yule aliyeuliza kama tumefukuzwa, akasema, "Ami, dago lilikuwa hivi?"

"Dago ndilo hili," akasema. "Nyinyi mnaliita kambi."

Akatusimulia. Kwamba Baba ndiye aliyekuwa mpishi wao, kitu ambacho nyumbani hatukuwahi kukiona. Kwamba sima ya dago hupikwa kwa maji yenye mchanganyiko wa maji ya bahari, ndiyo chumvi yake. Kwamba usiku wa maji mafu hawakuvua, walishona nyavu. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Baba yenu kabla ya kulala alikuwa akiwataja. Nyote wanane, mkubwa mpaka mdogo, jina moja jina moja, na kila jina dua yake. Akichanganya mpango, anaanza upya. Wengine tulikuwa tunasinzia yeye bado anawapanga."

Sikuweza kusema kitu. Dada yangu alijifunika uso kwa ukaya wa buibui lake. Miaka yote ile, kila kaskazi, nilikuwa nikidhani Baba akiwa dago ametuacha. Mama peke yake hakushangaa. Alikuwa amelala ubavu, mjukuu kifuani, akasema taratibu, "Na mimi upande huu nikimtaja yeye."

Yapata saa nane na nusu tukasikia sauti za wanaume, na upondo unagonga ubavu wa mashua. Walikuwa wamelowa, wamechoka, wana furaha. Wao nao walikuwa na usiku wao, ndugu watatu na mashemeji watatu wasiowahi kukaa pamoja muda mrefu bila sababu ya harusi au maziko. Waliyozungumza hawajatwambia.

Asubuhi Mama alitaka kuingia magofuni kabla jua halijapanda. Takwa ulikuwa mji kamili, uliostawi karne ya 16 na ya 17, wenye ukuta kuuzunguka, nyumba zaidi ya 100, na msikiti wa Ijumaa wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yapata 1683. Milango mingi imeelekea kaskazini, na kibla chetu Lamu kiko kaskazini. Mama aliuweka mkono kwenye ukuta wa msikiti akausimamisha hapo. Watoto walikuwa wanakimbizana, mjukuu wake wa miaka 11 akamwuliza, "Bibi, kwa nini walihama?"

"Husemwa maji ya visima yaligeuka chumvi," akajibu. "Wakafuata maji Shela." Na hilo mtoto wa Lamu analielewa, maana mji wetu mpaka leo hunywa maji ya Shela, mvua inayoingia kwenye vilima vya mchanga na kukaa chini yake.

Akatembea hatua kama kumi, akasimama. Akanigeukia. "Njoo hapa, mwanangu. Sisi tuna madumu mangapi?"

Jedwali lilisema manane ya lita 20. Tulikwenda kuhesabu. Mawili yalisahaulika gatini. Dada zangu wawili wakaanza kulaumiana nani aliyeachiwa kazi ya kuyapakia, na sauti zikapanda mpaka watoto wakaacha kucheza. Katika yale sita yaliyofika, mawili na nusu tu ndiyo yaliyobaki. Usiku mmoja na asubuhi moja, lita 70 zimekwenda! Tuliuliza zimekwendaje. Wanaume waliorudi na tope walioga. Watoto waliosha miguu ya chumvi. Wifi yangu alisuuza sufuria. Kila mmoja alitumia kidogo, kwa haki kabisa, kwa sababu hakuna aliyeambiwa maji ni ya nani. Nyumbani Langoni maji yanatoka bombani, na mkono umezoea bomba.

Manda haina maji matamu. Tulikuwa na lita 50, watu 29, na juu yao nahodha na baharia wake, mchana kutwa wa Desemba na usiku mwingine mbele yetu. Kaka alitaka kumtuma nahodha Lamu akaongeze, lakini ilikuwa karibu saa nne asubuhi, na mkono wa bahari ulikuwa tope tupu. Ungefunguka alasiri.

Mama akaomba madumu yote yaletwe chini ya mbuyu alipokaa yeye. Akachukua kopo moja la bati. Akamwita yule mjukuu wa miaka 11, akamkabidhi. "Wewe ndiye mwenye maji. Hata mimi nikitaka, nakuomba wewe." Yule msichana aliketi juu ya dumu mchana kutwa. Kunywa ni kopo, mara tano kwa siku, mtoto na mkubwa sawa, mama anayenyonyesha anaongezewa. Kutawadha ni baharini, maana maji ya bahari ni twahara, na hilo wavuvi hawahitaji kufundishwa. Vyombo vinasuguliwa kwa mchanga, vinasuuzwa baharini, na mwisho vinapitishiwa kitambaa chenye maji matamu kidogo. Wali, Ami akatuonyesha: kata saba za maji matamu na kata moja ya bahari, iliyochotwa upande wa nje wenye mawimbi, siyo kwenye mikoko, chumvi usitie. Ulitoka wali ambao sijaula mwingine mfano wake, na wajukuu wanaozaliwa na kulelewa Nairobi waliramba sahani.

Alasiri maji yalipojaa nahodha alikwenda na kurudi na madumu sita. Hakuna aliyemwambia yule msichana aondoke juu ya dumu lake, naye hakuondoka. Kopo likaendelea.

Mengine niyapitie haraka, ingawa wanaotaka kwenda na jamaa kubwa huniuliza hayo kwanza. Mahema matatu ya watu wanne wanne hayawatoshi watu 29, na hayafai kupigania: tulilaza humo Mama na wenye watoto wachanga, wengine tukalala chini ya turubai na tanga, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Choo tulichimba mbali na kambi na mbali na magofu, tukazungushia shuka, tukaweka jembe la kufukia na taa. Jambo hilo usiliache mpaka mtu ahitaji, hasa ukiwa na wazee na wasichana. Kuni hatukukata; tulikwenda na makaa yetu, na mikoko tuliiacha, kwani ndiyo iliyofanya pale pawe na samaki. Takataka zote zilirudi Lamu kwenye magunia ya makaa matupu. Upande wa bahari kuu Ami alikataza mtoto kupita maji ya magoti, na akakaa hapo mwenyewe, na mshipi wake, akivua changu na kuwahesabu watoto.

Na maji: mimi sasa nahesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, na nayapandisha chomboni ya kwanza, kabla ya mchele.

Jumatano jioni Kaka alilitoa lile jedwali mfukoni. Safari hii alikwenda akaketi kwenye mkeka, miguu ameikunja kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

"Ami, leo mwezi ngapi?"

"Kumi na nne. Jua limezama, umeshaingia kumi na tano."

"Basi saa nne asubuhi hatutoki."

"Saa nne utatembea kwa miguu." Ami akamshika bega. "Alfajiri. Maji yatajaa karibu na adhana. Tusali, tupande, twende nayo yanapoanza kutoka. Yatatusukuma yenyewe."

Kaka akapiga mstari juu ya ile saa kwa kalamu, akaandika nyingine pembeni. Kisha akamwomba Ami amweleze mwezi wote, kutoka kuandama mpaka kufa, na wakakaa mpaka usiku, mmoja anaeleza, mwingine anaandika, na wajukuu wanne wamewazunguka. Mmoja wao alichora duara 30 kwenye daftari na kuzitia rangi nyeusi kidogo kidogo.

Tulifunga mizigo usiku, kwa mwanga wa mwezi, bila kelele. Sikuamini kwamba ni watu wale wale walioshinda wakitafuta viatu Jumanne. Mama aliwahi wote. Nilimkuta ameshaketi juu ya mkeka uliokunjwa, anasubiri. Tulisali Alfajiri mchangani, wanaume mbele, sisi nyuma, na maji yamekuja mpaka karibu na tulipoweka viatu.

Mashua ilielea bila kusukumwa. Watoto walihesabiwa mara mbili, wote 13. Mwezi ulikuwa upande wa Lamu, umeshuka, umekuwa wa manjano, na mikoko ile ile iliyokuwa imesimama juu ya mizizi yake sasa majani yake yamelala juu ya maji. Baharia alimpa mpwa wangu wa Nairobi upondo apime. Tulipofika pale penye kona, pale pale, Ami akanyoosha kidole, "Hapa." Yule kijana akauzamisha upondo, akauzamisha, akainama mpaka maji yakamfika kwapani.

"Sifikii, Babu," akasema.

Ami akacheka. Mama aliyekuwa kando yangu alikuwa anatikisa midomo, taratibu, jina moja jina moja.